Chombo Bila Mkunga Hakiokoi Mtoto

Si kila mtoto azaliwaye mfu huwa amekwisha kufa mama yake afikapo hospitali. Hesabu za Umoja wa Mataifa zaonyesha kwamba, ulimwenguni kote, zaidi ya 40 katika kila watoto 100 wanaozaliwa wafu hufa wakati mama yumo katika uchungu. Huu ni msiba mkubwa, na wengi wao wangeweza kuokolewa. Kwa hiyo jambo hili si la waganga peke yao. Ni la umma mzima.

Kila uchungu unapokaza, damu ipitayo kwenye kondo hupungua, na mtoto hukosa hewa kwa kitambo kidogo. Mtoto mwenye nguvu hustahimili. Aliyechoka hutoa habari kwa moyo wake: mapigo, ambayo kwa kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, hushuka na kuchelewa kurudi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lataka mapigo hayo yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapopamba, na kila baada ya dakika 5 mama anaposukuma. Habari ikisikika mapema, mama hugeuzwa ubavu, daktari huitwa, na ikibidi chumba cha upasuaji hufunguliwa. Isiposikika, mtoto hufa kimya.

Katika nchi yetu jambo hili limechunguzwa kwa bidii huko Haydom, wilayani Mbulu, katika hospitali ya Kilutheri inayowahudumia wananchi tangu mwaka 1955. Wakunga wa huko wamepima vyombo vya namna mbalimbali: fetoskopu, ile pembe ndogo ambayo Mfaransa Adolphe Pinard aliibuni mwaka 1895, dopla ya mkononi, na chombo kilichotengenezwa na Wanorwe na kupewa jina la Kiswahili, Moyo, ambacho hufungwa tumboni kwa mkanda na kulia mapigo yanapoharibika.

Matokeo yake yafaa yasomwe na kila mpanga bajeti. Chombo kipya kiligundua watoto wengi zaidi waliokuwa taabani kuliko njia za zamani. Lakini kugundua peke yake hakukupunguza vifo kwa kiasi cha kuthibitika. Kengele ililia, bado ilitakiwa mikono ya kuitika.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie mkunga mmoja, zamu ya usiku, ana akina mama sita. Wanne uchungu umepamba, wawili wanasukuma. Akisikiliza wale wanne kila nusu saa, na wale wawili kila dakika 5, atatakiwa kusikiliza mara 32 katika saa moja, kila mara dakika nzima, na kuandika. Hapo hajakata kitovu, hajazuia damu, wala hajampulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mtu huyo akishindwa, tusiseme ni mvivu. Tuseme tumemtwika mzigo wa watu watatu.

Kwamba hali yaweza kugeuzwa, ushahidi upo. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2023, mpango ulioongozwa kutoka Haydom uliendeshwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walipewa vyombo, lakini zaidi ya hayo walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini mwao, wakatazama hesabu za kituo chao wenyewe na kujisahihisha. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika uchungu na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila uzazi 1,000. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kutanguliza watu na juhudi yao mbele ya fedha. Wakunga hawa wametuthibitishia fundisho hilo wodini.

Basi tunasema waziwazi. Halmashauri inayonunua mashine bila kuajiri mkunga wa kuisikiliza imenunua pambo. Mkunga apewe mwenzake wa zamu, nyumba karibu na kituo, na muda wa kufanya mazoezi. Chumba cha upasuaji kiwe tayari usiku kama mchana. Na barabara zisisahauliwe: maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023 huko Katesh, wilayani Hanang, yaliua makumi ya wenzetu na kutukumbusha jinsi njia ya kwenda kwa daktari inavyoweza kufungwa kwa saa chache.

Nasi wanachama tunayo sehemu yetu. Matawi yaulize katika mikutano: zahanati yetu ina wakunga wangapi, na usiku yupo nani? Akina baba wasingoje uchungu uanze ndipo watafute usafiri. Mama apelekwe mapema. Wafanyakazi wa hospitali nao waandike kila kifo kwa ukweli, kwani kifo kilichofichwa hakimfundishi mtu.

Mtoto aliye tumboni hana kura wala hawezi kupeleka malalamiko yake ofisini. Ana mapigo ya moyo tu. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba yupo mtu wa kuyasikia, na kwamba akisikia, ana uwezo wa kutenda.