Jiwe Halina Cheti cha Kuzaliwa: Rekodi za Zana Kongwe Duniani

Okota jiwe lolote njiani umuulize mwanajiolojia umri wake. Atakwambia liliumbika lini, lakini si lini lilipasuliwa na mkono wa mtu. Ndiyo maana wanaotafuta zana kongwe za mawe hawapimi zana yenyewe, bali ardhi iliyoifukia. Hizi ndizo rekodi zinazoongoza hadi sasa.

Zana kongwe kuliko zote: Lomekwi 3, Kenya
Umri: miaka milioni 3.3. Mwezi Julai 2011, kikosi cha wanaakiolojia Sonia Harmand na Jason Lewis kilipotea njia magharibi mwa Ziwa Turkana, kikaangukia kwenye vilima ambavyo hakikuvikusudia. Mawe yalikuwa hapo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, rekodi ya Gona, Ethiopia, ya miaka milioni 2.6, ilirudi nafasi ya pili kwa tofauti ya miaka laki saba. Si vijiwe vya kuchezea: baadhi ya mafuawe yake yana uzito wa kilo 15. Umri wake ulisomwa kwenye tabaka za majivu ya volkano na kwenye usumaku wa udongo. Ncha za sumaku ya dunia zimewahi kubadilishana mahali mara nyingi, na chembe za tope hulala zikielekea upande ambao sumaku ilikuwapo siku hizo.

Kipimo kilichoshtua zaidi: Olduvai, Tanzania
Mwanaakiolojia Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwezi Julai 1959, mumewe Louis Leakey alilikadiria kuwa na miaka kama 600,000. Mwaka 1961, kipimo cha potasiamu na argoni kilileta jibu jingine: miaka milioni 1.75. Siri yake ni hii. Volkano inaporusha mawe yaliyoyeyuka, gesi ya argoni hutoka yote. Yakipoa, potasiamu iliyomo huanza kuzalisha argoni upya, kwa mwendo usiobadilika. Pima argoni iliyokusanyika, utajua volkano ililipuka lini. Zana za mawe za Olduvai zilizolala tabaka moja na fuvu hilo nazo zikazeeka kwa siku moja.

Karamu kongwe ya kiboko: Nyayanga, Kenya
Kwenye rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria, zana zilikutwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Umri wake ni kati ya miaka milioni 3.0 na 2.6, kwa taarifa iliyotolewa mwaka 2023. Humo humo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa ukoo wetu asiye babu yetu. Hadi hapo, wengi waliamini kwamba ufundi wa zana ni wa jenasi yetu ya Homo peke yake. Magego hayo hayathibitishi nani alishika kisu, ila yamewanyima Homo raha ya kujigamba.

Miongoni mwa mashoka ya mkono kongwe zaidi: Kokiselei 4, Kenya
Hapa pia ni magharibi mwa Turkana, umri miaka milioni 1.76. Tofauti yake na zana za awali ni umbo: jiwe limechongwa pande mbili, na mchongaji alishajua litakavyokuwa kabla ya kulianza.

Karakana kongwe ya mifupa: Olduvai tena
Miaka milioni 1.5. Mwaka 2025 zilitangazwa zana 27 za mifupa, nyingi za tembo na viboko, zilizochongwa kwa ufundi ule ule wa mawe.

Nje ya Afrika: zana za Shangchen, China
Miaka milioni 2.12. Huko hakuna majivu ya volkano ya kutegemea. Usumaku wa vumbi lililorundikana ndio uliotoa jibu.

Ujenzi wa mbao mkongwe zaidi: Kalambo, Zambia
Hatua chache kutoka mpaka wa Tanzania, magogo mawili yaliyochongwa yakapishanishwa yana miaka 476,000. Mchanga ulioyafunika ulipimwa kujua chembe zake ziliona jua lini kwa mara ya mwisho.

Mbona Afrika Mashariki imejaa kwenye orodha hii? Sehemu ya sababu ni Bonde la Ufa. Volkano zake zilimwaga majivu, maziwa na mito ikafukia, na mmomonyoko sasa unafukua. Penye watu wa kale lakini pasipo majivu, rekodi ni ngumu kuidai.

Kwa hiyo, siku utakapoona jiwe lenye makali ya ajabu likichungulia kwenye ukingo wa korongo, usiling'oe. Piga picha, kumbuka mahali, ukaarifu jumba la makumbusho lililo karibu. Likitolewa kwenye tabaka lake hubaki jiwe tu, na umri wake umeupoteza wewe.