Kutoka Mizani Hadi Sarafu

Ndugu msomaji, ukifungua Mwanzo 23 utamkuta Ibrahimu akinunua shamba la kumzika Sara kwa shekeli 400 za fedha. Hakuzihesabu, alizipima. Shekeli wakati ule ilikuwa jina la uzito, si sarafu. Mnunuzi alibeba vipande vya fedha, muuzaji akaleta mizani. Lakini mizani ya nani ndiyo ya haki? Hapo ugomvi haukosi.

Watu wa Lydia, magharibi mwa Uturuki ya leo, walipata njia nyingine katika karne ya 7 K.K. Walichukua madini ya dhahabu iliyochanganyika na fedha, wakayapima, kisha wakayagonga kwa nyundo juu ya muhuri. Ikatokea alama, mara nyingi kichwa cha simba. Sarafu nzima ilikuwa na uzito wa gramu 14 hivi, lakini walitengeneza hata kipande cha 1/96, kidogo kama punje ya mtama. Sasa mfanyabiashara angeweza kuhesabu tu, aendelee na safari.

Lakini kulikuwa na neno. Muhuri ulithibitisha uzito. Dhahabu iliyomo ndani nani angeiona? Wataalamu wamepima sarafu hizo, wakakuta dhahabu karibu asilimia 55, ilhali madini ya mtoni yalikuwa na asilimia 70 au zaidi. Kumbe fedha iliongezwa! Aliyezitoa alipata faida yake, hilo sioni la kubishana.

Mfalme Croesus, aliyetawala Lydia hadi mwaka 546 K.K. hivi, anasifiwa kwa kutenganisha mambo: sarafu za dhahabu peke yake, na za fedha peke yake. Mafundi wa Sardi, mji wake mkuu, walichoma madini pamoja na chumvi ndani ya vyungu mpaka fedha ikajitenga. Karakana yao ilifukuliwa miaka ya 1960.

Wayunani, waliokuwa majirani, wakaiga sarafu, na wadanganyifu nao hawakulala: walifunika shaba au risasi kwa fedha. Basi mwaka 375 K.K. Athene ilipitisha sheria. Mkaguzi, mtumwa wa serikali, aliketi sokoni kila siku akikagua sarafu. Ya bandia aliikata papo hapo. Mwuzaji aliyekataa sarafu iliyopita ukaguzi alinyang'anywa bidhaa zake za siku hiyo. Na mkaguzi akizembea? Viboko 50.