Unang'arisha vyuma nyumbani? Linda macho na mapafu

Karakana ya uani inalisha familia nyingi. Baba anasaga na kung'arisha reli za ngazi, mageti na masufuria ya chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, huku watoto wakicheza hatua chache pembeni. Kama hayo ndiyo mazingira ya nyumbani kwako, makala haya yanakuhusu.

Ili stenlesi ing'ae kama kioo, fundi huanza na grenda, akafuatia msasa kuanzia ule wa chenga kubwa hadi ulio laini, kisha humalizia kwa gurudumu la kitambaa lililopakwa dawa ya kung'arishia. Kila hatua hutoa vumbi. Chembe kubwa unaziona zikiruka kama cheche. Zile ndogo huzioni, na ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Aina ya stenlesi inayotumika sana, ijulikanayo kama 304, ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Nikeli husababisha mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu: mikono huwasha, huota vipele na kupasuka. Vumbi likivutwa kila siku huleta kikohozi na kifua kubana, na huweza kuamsha pumu.

Chembe ikiingia jichoni

Usilifikiche jicho. Kama ni vumbi tu, lioshe kwa maji safi yanayotiririka. Chembe ikiwa imekwama, usikubali mwenzako aitoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya kitambaa. Inakwaruza kioo cha jicho na kufungua njia kwa vijidudu, na kidonda kinaweza kuacha kovu linalopunguza uwezo wa kuona. Usinunue dawa ya matone bila kupimwa.

Kama kitu kilikupiga jichoni kwa kasi, ukaona ukungu, damu au maumivu makali, lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza na uende hospitali mara moja. Mwambie daktari kwamba ulikuwa unasaga chuma, kwani chembe inaweza kuwa imepenya ndani huku jicho likionekana zima.

Jikinge hivi

Vaa miwani ya kinga inayoziba pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi laini, hivyo tumia ya N95 inayobana vizuri usoni. Funga nywele, vua cheni, na usivae mikono mipana wala glavu zilizolegea, kwani gurudumu linalozunguka hunasa kitambaa na kuuvuta mkono. Fanyia kazi mahali penye hewa ya kutosha.

Kwa mzazi

Watoto wasikae karibu mashine inapofanya kazi, hata kama wanataka tu kutazama. Usafi ufanyike kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi upya. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, ukibanwa kifua siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko, au vipele vikirudi kila mara, nenda ukapimwe. Mweleze daktari kazi unayofanya hata kama hajakuuliza.