Lubumbashi Irudi Kwenye Karatasi

Mwaka ukikaribia kwisha, salamu ya Lubumbashi huwa moja: Bonane, yaani heri ya mwaka mpya. Watoto huipeleka nyumba kwa nyumba, wakubwa hupeana kanisani na sokoni, na simu hujaa picha za maua, mishumaa na saa inayokaribia usiku wa manane, picha ambazo mtumaji naye katumiwa na mwingine. Naamini mji huu, kuliko miji mingi ya ukanda wetu, una sababu ya kuirudisha salamu hiyo kwenye karatasi: kadi iliyotengenezwa kwa mkono, kwa wino, rangi na mihuri ya kuchonga. Katanga, eneo la Kongo ulipo mji huu, ina mapokeo ya picha yaliyoanzia kwenye karatasi, yakahamia kwenye turubai na magunia ya unga, yakaingia katika nyumba za wafanyakazi wa kawaida, kisha yakakosa mnunuzi. Mnunuzi huyo hakuacha kupenda picha. Kilichomwishia ni mshahara. Kwake yeye, au kwa watoto wake, kadi ndiyo picha iliyobaki ndani ya uwezo.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mwaka 1926, huko Bukama, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, ofisa wa kikoloni aliyeitwa Georges Thiry aliona nyumba zilizopakwa picha kwa udongo na mkaa. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 michoro hiyo ikatundikwa Brussels. Mwaka uliofuata ikaonekana Geneva. Antoinette, mke wa Lubaki, naye alichora. Ukiziangalia kazi hizo leo, kinachovutia kwanza ni jinsi zilivyo chache katika vitu: mnyama mmoja au wawili, mtu, mti, na weupe mwingi wa karatasi ulioachwa bila kuguswa. Ni picha zinazojua mipaka ya ukurasa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya Hangar mjini Lubumbashi, uliokuwa bado unaitwa Elisabethville. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya; kila mmoja alitakiwa autafute mkono wake. Bela Sara akapaka kwa ncha za vidole, alama juu ya alama. Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa vistari vifupi vilivyopangana. Pilipili Mulongoy akafuma ndege, samaki na nyoka katikati ya majani na nukta. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha chuo cha sanaa mjini, na Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954 Hangar ikaunganishwa nacho. Nimewataja watatu hawa kwa makusudi, kwa sababu mbinu zao, yaani kugonga kwa kidole, kurudia kistari na kurudia nukta, ndizo hasa mbinu za mtu anayetengeneza kadi kwa muhuri. Yaliyo ndani ya mihuri ya plastiki inayoagizwa kutoka ng'ambo yalikwisha kufanywa hapa, na kwa ustadi zaidi.

Kisha zikaja picha za mtaani. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walipaka juu ya magunia ya unga yaliyonyooshwa kwenye fremu: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, viboko vya enzi ya Wabelgiji, vita vya kujitenga kwa Katanga. Tshibumba Kanda-Matulu ndiye anayejulikana zaidi, kwa sababu mwaka 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha takriban 100, akiieleza kwa Kiswahili cha hapa. Wenyewe waliiita picha ya namna hiyo ukumbusho. Ilitundikwa sebuleni ili mgeni aulize na mwenyeji asimulie. Wanunuzi walikuwa wafanyakazi wa migodi na reli, makarani, walimu, watu waliopokea mshahara mwisho wa mwezi. Mshahara ulipokatika, picha nazo zikakatika. Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyokuwa ikizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Familia inayotafuta unga hainunui mchoro. Leo sanaa ya Lubumbashi ina heshima yake: kuna mafundi wa shaba ya kugongwa na wa malakiti, jiwe la kijani linalochongwa mjini, na tangu mwaka 2008 kuna maonyesho makubwa yanayoandaliwa na kundi la Picha. Lakini shaba na malakiti hununuliwa sana na wageni wanaoondoka nazo, na maonyesho huwaita watu wa majumba ya sanaa. Ukuta wa sebule ya kawaida umebaki na kalenda.

Hapo ndipo kadi inapoingia, na ndipo Bel-Air inapofaa kuwa mfano. Mtaa huu wa komini ya Kampemba si wa matajiri wa mji wala si wa watu waliokosa kabisa. Ni mahali pa walimu, wafanyabiashara wadogo, watumishi wa ofisi na wastaafu, watu wanaobatizisha, wanaoozesha, wanaozika na wanaopeleka watoto shule. Kila moja ya nyakati hizo huomba neno, na mara nyingi neno hilo husindikizwa na bahasha. Chukua bristoli moja, ile karatasi nene, ya kipimo cha kawaida cha wachoraji, sentimita 50 kwa 65. Igawanywe sehemu mbili upande mmoja na sehemu nne upande wa pili, upate vipande 8; kila kipande kikikunjwa katikati, ni kadi ya sentimita 12 na nusu kwa 16 na kidogo. Karatasi moja, familia nane. Hakuna fremu, hakuna msumari, hakuna gunia la kunyoosha. Gharama inayobaki ni mkono na muda, navyo vimejaa katika mji ambao vijana wamesoma sanaa bila kazi ya kuifanyia.

Kazi yenyewe ina siri zake, na afadhali zisemwe, kwa sababu kadi nyingi za mkono hudharauliwa kwa makosa yanayoepukika. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi: ikunje taratibu bila kuikandamiza, kwanza upande mmoja kisha upande mwingine, na utahisi upande mmoja unakubali na mwingine unagoma. Mkunjo ukifuata upande unaokubali hautapasuka. Muhuri, au kashe kama wanavyosema ofisini, hauhitaji kununuliwa. Soli ya kandambili iliyolainika, wembe na penseli vinatosha. Chora umbo kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya soli, isugue kwa mgongo wa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, ndivyo unavyotakiwa, maana ukigonga utageuka tena na kusomeka sawa. Herufi zisizogeuzwa ndizo zinazowaaibisha wanaoanza. Chonga kinachobaki cheupe, acha kitakachoshika wino, na usikate chini ya mstari, bali ulaze wembe uelekee nje, ili ukingo uwe na kitako na usilegee baada ya kugonga mara kumi.

Shida kubwa ya kadi ya Bonane ni kwamba Bonane huja wakati wa masika. Disemba na Januari hewa ya Lubumbashi ina maji, karatasi hunywa unyevu na wino hauna haraka. Wino wa muhuri wa ofisi umetengenezwa kwa gliserini ili usikauke kwenye kitambaa chake. Kwa hiyo juu ya karatasi inayong'aa hubaki mbichi na kuchafua bahasha. Juu ya bristoli isiyong'aa hunywewa, lakini upewe usiku mzima. Wino wa China una gundi ambayo ikishakauka haiyeyuki tena, kwa hiyo mtu anayetaka kupaka rangi ya maji juu ya mistari atangulize huo na si wino wa kalamu ya shule, ambao tone moja la mvua huugeuza doa. Mwenye busara huchora na kugonga mihuri Agosti, wakati wa kiangazi kikavu, na kuacha maneno tu ya kuandika Disemba. Kuhusu rangi, ardhi ya hapa haijawahi kuwa na uchoyo. Udongo wa kichuguu hutoa wekundu, mkaa hutoa weusi, pemba, ule udongo mweupe, hutoa weupe, na malakiti ni rangi iliyotumiwa na Wamisri wa kale. Kadiri unga wake unavyosagwa laini ndivyo kijani kinavyofifia. Ukiachwa na chembe nene kidogo hubaki mzito. Uchanganywe na gundi ya mgunga na maji. Lakini vumbi lake ni la shaba na ni hatari kwa mapafu: lisagwe likiwa limelowa, pua zikiwa zimefunikwa, na mbali na watoto. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mji huu umekwisha kulipa vya kutosha kwa vumbi la madini yake.

Wapo watakaosema kadi za salamu ni desturi ya Wazungu. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ni kweli ilitoka London mwaka 1843: Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley aichore, zikapigwa chapa nakala zipatazo 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi moja, bei ambayo kibarua wa wakati ule hakuiweza. Cole alikuwa na marafiki wengi mno wa kuwaandikia, na alitaka kuokoa muda. Lakini kitu kidogo cha kushika mkononi, chenye alama za kumkumbusha mtu jambo, hakikuingia Katanga kwa meli. Waluba walikuwa na lukasa, ubao unaoenea mkononi, uliopachikwa shanga na kombe, ambao watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole huku wakisimulia wafalme na safari. Pemba nyeupe kwao ilikuwa rangi ya baraka, na hadi leo matokeo ya mtihani wa taifa yakitangazwa, waliofaulu humwagiwa unga au poda nyeupe barabarani. Pwani, kanga hubeba ujumbe na hutolewa zawadi. Tanzania, kadi ya mchango wa harusi humfunga mtu kwa wajibu kuliko barua yoyote ya serikali. Watu wetu hawajawahi kuwa na ugomvi na ujumbe unaoshikika.

Wengine watauliza, posta iko wapi? Kadi itasafirije? Nakiri kwamba huduma ya posta nchini imedhoofika kiasi kwamba kizazi kizima hakijawahi kulamba stempu. Ila mialiko ya harusi Lubumbashi hupelekwa kwa mkono, kama ilivyo Dar es Salaam na Mombasa, na anayeipeleka hukaribishwa, hupewa maji, huulizwa habari za nyumbani. Kadi ya salamu itapita njia hiyohiyo. Kwa ndugu aliye Kolwezi kuna basi na dereva anayefahamika. Na simu? Ibaki na kazi yake. Ujumbe wa haraka ni wa simu, na aliye Ubelgiji au Afrika Kusini hatasubiri. Lakini simu ikiibwa au ikijaa, salamu za mwaka mzima huondoka nayo. Ukumbusho wa Tshibumba ulikuwa na maana kwa sababu ulikaa mahali pamoja ukaonwa na kila aliyeingia, na kadi iliyosimamishwa juu ya kabati la vyombo inafanya hivyo.

Pingamizi gumu ni la pesa, na sitaki kulipita haraka. Kijana mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa hutoa kadi 100 zenye herufi safi katika muda ambao mchoraji anamaliza tano. Akishindana naye kwa bei, mchoraji atakufa njaa. Basi asishindane. Mialiko 300 ya harusi ni ya mashine. Ya mkono ni zile chache ambazo jina la mpokeaji lina uzito: kadi ya wazazi wa bibi harusi, ya msimamizi wa ndoa, ya padri au mchungaji, ya shangazi aliyelipa karo, ya familia iliyokaa nanyi siku zote za kilio. Hata hapo si kila saa italipwa, na anayemwahidi kijana kwamba kadi zitamlisha peke yake anamdanganya. Muhuri hupunguza pengo: umbo likishachongwa hugongwa mara nyingi, na mkono hubaki na kazi ya rangi na jina. Kwa namna hiyo mchoraji anaweza kutoa kadi 20 kwa siku bila mbili kufanana kabisa, na kuzipa bei ambayo mwalimu ataitoa bila kuuliza nyumbani.

Tarehe za kuanzia zipo. Aprili 30 ni sikukuu ya walimu, na watoto huenda shuleni na zawadi; shule moja tu ya Bel-Air ikiwaachia wanafunzi wake wachonge kandambili zilizochakaa wiki moja kabla, walimu watapata kadi na mji utapata mikono mipya. Baadaye huja matokeo ya mtihani wa taifa na komunyo ya kwanza, kisha Noeli na Bonane. Wanaofundisha sanaa mjini wanaweza kuwatuma wanafunzi wao wakafundishe, na maduka yanayouza bristoli yanaweza kuzipanga kadi hizo mbele badala ya zile za kuagizwa. Mnunuzi naye aigeuze kadi kabla ya kulipa. Nyuma kuwe na jina la aliyeichora, mtaa wake na mwaka, na kama halipo, amwombe aliandike pale pale.