Rangi ya kung'aa si kromi

Ndugu mtumikaji, rangi inayong'aa kama kromi inafaa kwa gidoni ya velo yako; itapendeza siku ya Mungu. Lakini usiipake kamwe kwenye fimbo ya vereni inayoinua sanduku la kamyo. Fimbo hiyo inateleza ndani ya jointi kutwa nzima: rangi itabambuka, jointi itakatika, mafuta yatavuja, na sanduku laweza kumshukia mwenzako. Fimbo yenye mikwaruzo ipelekwe atelie, ipakwe kromi upya kwa umeme.

Nanyi wa atelie, asidi ya kromi inaunguza ngozi. Mvuke wake unatoboa ukuta wa katikati ya pua na waweza kuleta kansa ya mapafu. Washeni mashine ya kunyonya mvuke kabla ya kuanza.

Nyumbani, paka rangi nje, mbali na mbabula na watoto.