Neno "Mbuga" katika Nchi ya Bariadi

Mfasiri akabidhiwapo taarifa juu ya nchi ya Bariadi, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, hakawii kukutana na neno mbuga. Neno ni fupi, lakini lisipopimwa laweza kumponza mkulima.

Nchi yenyewe imepangika kwa ngazi. Juu pana vilima vya mawe ya matale. Chini yake ni mteremko wa udongo wa kichanga, uitwao luseni kwa Kisukuma. Hufuata itogolo, udongo mgumu usiopenyeza maji upesi. Chini kabisa ni mbuga, yaani bonde pana la udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hutota wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mfuatano wa namna hii Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliuita katena mwaka 1935. Maji ya mabonde hayo hukusanywa na mito ya Duma na Simiyu, ielekeayo magharibi hadi Ziwa Victoria.

Makazi nayo yafuata ngazi hizo: nyumba hujengwa juu, penye ardhi kavu, na mpunga hulimwa chini, katika majaruba.

Ugumu watokana na matumizi ya siku hizi, ambapo watu wengi husema mbuga wakikusudia mbuga ya wanyama. Nao Mkoa wa Simiyu umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tena una Pori la Akiba Maswa. Basi sentensi "wananchi wamelima mbugani" kwa mwenyeji ni habari ya mpunga. Kwa ofisa mgeni ni shtaka la kuvamia eneo la wanyama. Ikiingia hivyo katika barua ya serikali, mwenye shamba halali atatakiwa kujitetea kwa kosa asilolitenda.

Kwa hiyo twapendekeza maeneo ya wanyama yatajwe kwa majina yake ya kisheria, hifadhi ya taifa au pori la akiba, na neno mbuga liachiwe ardhi. Penye shaka, mfasiri aongeze maneno machache: "mbuga, yaani bonde la udongo mweusi". Walimu wa jiografia nao wawaulize wanafunzi majina ya udongo wa kwao kabla ya kuwapa ya kitabuni. Istilahi nzuri ni ile ambayo mwenye shamba na mwenye mhuri huielewa kwa namna moja.