Riwaya Ipandapo Jukwaani (4): Manju Naye ni Mtunzi

Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 28, 2025, ameandikiwa tanzia nyingi, na heshima zote hizo alizistahili. Kinachoniuma ni kuona *Ngaahika Ndeenda* ikitajwa kana kwamba ilitoka kwenye kalamu yake peke yake. Aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Kisha wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, waliisahihisha mazoezini, wakaitilia nyimbo zao, wakajenga na ukumbi wa kuichezea, hadi serikali ilipoipiga marufuku Novemba 1977. Mchezo wenye nyimbo hautungwi na mtu mmoja.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua riwaya hupoteza nini ikivuliwa msimulizi, kwa hiyo sirudii. Leo natazama kikosi kinachoivusha riwaya hadi jukwaani. Riwaya ya Victor Hugo ya 1862, *Les Misérables*, ilifika jukwaa la Paris mwaka 1980 kwa muziki wa Claude-Michel Schönberg na maneno ya Alain Boublil. Ilipochezwa London Oktoba 1985, Herbert Kretzmer ndiye aliyeandika maneno ya Kiingereza, na waelekezi walikuwa wawili, Trevor Nunn na John Caird. Wote hao wanatajwa mpaka leo, na ni haki yao.

Kwetu mfano ninaoupenda ni Amandina Lihamba. Aliichukua *Le Mandat*, riwaya fupi ya Sembène Ousmane wa Senegal, akaifanya tamthilia ya Kiswahili, *Hawala ya Fedha*, iliyotoka mwaka 1980. Mzee Dieng wa Dakar ametumiwa fedha na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hana kitambulisho. Anazungushwa ofisi hadi ofisi, na wajanja wanamla. Hayo mtu wa Bariadi, hapa kwetu Simiyu, huyaelewa bila kufafanuliwa, na ndiyo maana hadithi ile ilihamia Kiswahili bila kuchechemea.

Miaka miwili baadaye Lihamba, Penina Muhando Mlama na Eberhard Chambulikazi, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, jirani zetu kabisa. Hawakwenda na mswada. Waliwauliza wanakijiji nini kinawakera, na kati ya yaliyotajwa ni mimba za wasichana wa shule. Vijana wa Malya wakayageuza hayo kuwa maonyesho ya ngoma, nyimbo na mazungumzo, na baada ya kucheza watu wakabaki kujadiliana. Mlama ameyaeleza katika kitabu chake cha 1991 kuhusu sanaa za maonyesho za umma. Kwangu mimi, somo kubwa la uigizaji katika nchi hii lilifundishwa pale, tena na watu wa jembe.

Wala somo hilo halikuwaangukia Wasukuma wa huko kama mvua ya kiangazi. Tangu karne ya 19, enzi za waganga wawili, Ngika na Gumha, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamekuwa yakishindana. Pamba ikishatoka shambani, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitazamana, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji aliyeketi kwenye kiti cha mbele. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anayeona watu wanamponyoka hubadili wimbo papo hapo, huita nyoka au fisi wake, huingiza kisa cha jana. Mwelekezi yupi wa mjini amepita mtihani wa namna hiyo? Ngoma ya bugobogobo ina majembe na mwendo wa kazi. Ile ya wigaashe huimbwa watu wameketi kwa safu, na humo ndimo mambo ya kijiji husemwa wazi. Mwenye macho ataona humo tayari pazia la kwanza na la pili.

Lakini siku ya onyesho, bangoni huandikwa jina la mwandishi na la mwelekezi, na manju huwa "kikundi cha ngoma". Hiyo ni dhuluma, na wasomi ndio tunaoitenda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimbagui mtunzi kwa sababu hakusoma.

Kwa hiyo nawaomba walimu na maofisa utamaduni wa Simiyu waifikirie riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981 bila kuishika ikiwa kitabu. Humo, Myombekere kupika pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe Bugonoka ni onyesho zima la nyimbo za kazi. Manju wa Migato, hapa Simiyu, na wa Ukerewe waitwe kabla mstari wa kwanza wa mswada haujaandikwa, walipwe kama watunzi, na mkataba utaje majina yao.